Kioo kinachopiga: kwa nini picha ya sekunde mbili iliishinda ya 1/15

Mwezi Machi nilipewa kazi ambayo kwa kuitazama tu haikuwa na ugumu wowote. Mtu mmoja aliyekuwa akifungua ofisi Upper Hill, Nairobi, alitaka picha ya KICC, lile jumba refu la mikutano, na majirani zake jua linapotua, ichapishwe kwa upana wa mita moja na nusu na kutundikwa nyuma ya meza ya mapokezi. Nilipata ruhusa ya kupanda juu ya paa la jengo alilokuwa akihamia, kilomita moja na nusu hivi kutoka katikati ya jiji, nikafunga kamera yangu ya kioo kwenye tripodi, nikatia lenzi ya milimita 200 niliyokuwa nimeinunua wiki tatu kabla kwa muuzaji wa vifaa vilivyokwisha kutumika, nikachomeka waya wa rimoti ili kidole changu kisiguse kamera, kisha nikasubiri. Kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa moja na robo nilipiga picha zaidi ya mia moja, na tripodi haikusogezwa hata mara moja.

Usiku huo nilipozifungua kwenye kompyuta nilikuta kitu kilichoninyima usingizi. Picha za mwanzo, zilizopigwa kwa 1/15 na 1/8 ya sekunde wakati kuta bado zina rangi ya machungwa, zilikuwa na ukungu. Zile za baadaye, za sekunde mbili na sekunde nne, taa zikiwa zimewaka na anga imegeuka samawati nzito, zilikuwa kali kiasi kwamba ningeweza kuhesabu vizingiti vya madirisha ghorofa kwa ghorofa. Kila anayejifunza kazi hii hufundishwa kwamba kadiri shata, yaani mlango wa mwanga ndani ya kamera, inavyokaa wazi ndivyo picha inavyokuwa katika hatari ya kutikisika, na mimi mwenyewe nimewaambia hivyo vijana kadhaa niliowafunza. Hapa mambo yalikuwa yamepinduka, miguu juu kichwa chini.

Kama ilivyo desturi yetu sote, nililaumu kifaa cha mwisho kununuliwa. Nilimrudia muuzaji na lenzi yake, naye akaigeuzageuza dhidi ya mwanga wa mlangoni na kusema, "Mkubwa, lenzi hii ni safi. Hebu chunguza mikono yako." Nikamjibu kwamba mikono yangu ilikuwa mfukoni wakati picha zinapigwa. Tuliachana bila kuagana vizuri, na ninakiri sasa kwamba kati yetu wawili hakuna aliyekuwa na hoja.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee mwenye chumba kidogo ghorofani karibu na River Road, mtu aliyeanza kufungua kamera zama za filamu na ambaye hadi leo hurekebisha kwa bisibisi ndogo kuliko kijiti cha meno. Nilimweleza kwamba lenzi hailengi sawasawa. Hakuigusa. Aliniomba nimwonyeshe picha.

"Mlingoti huu wa simu juu ya paa," akasema akielekeza kidole kwenye skrini, "unauonaje?"

"Ni mkali, Mzee. Mwembamba kama sindano."

"Na hiki kizingiti cha dirisha?"

Kizingiti kilikuwa viwili, kimoja kimelala juu ya kingine kama kivuli chake.

"Basi kijana wangu, lenzi ikikosea kulenga huharibu vyote, mistari ya wima na ya kulala. Lenzi haibagui. Hapa kuna kitu kimekwenda juu na chini."

Aliichukua kamera, akaiweka juu ya meza yake ya mbao kando ya glasi ya chai iliyokuwa imejaa hadi ukingoni, akaniambia niitazame chai, kisha akabonyeza kitufe. Klak. Usoni mwa chai pakatokea mviringo mwembamba, ukaenda hadi kwenye kingo za glasi, ukarudi, ukatulia. Akabonyeza tena. "Hicho ndicho kilichokwenda," akasema, akaendelea na kazi iliyokuwa mbele yake.

Kamera ya kioo hufanya mambo mengi kati ya kidole kubonyeza na picha kuingia. Kioo kimesimama mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha, kwa mwinamo wa digrii 45, kikirusha mwanga wa lenzi juu hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Kitufe kinapobonyezwa, majani ya tundu la lenzi hujifunga hadi kipimo ulichochagua, na kioo hurushwa juu kwa nguvu hadi kigonge kipande cha sponji kilichowekwa kukipokea. Baada ya hapo pazia la kwanza la shata hukimbia na kuacha sensa wazi, muda uliopangwa hupita, pazia la pili hufuata na kufunga, kisha kioo hurudi chini. Kile kishindo cha kurudi hakina madhara, kwa sababu picha imekwisha kupigwa. Kinachodhuru ni cha kwanza: kioo kimegonga, mwili wa kamera umepata msukumo wa kwenda juu, na kabla haujatulia pazia linafunguka. Kwa kuwa kioo husafiri juu na chini, kamera ikiwa imelala kawaida, mtikisiko nao huwa wa juu na chini, ndiyo maana mlingoti ulisalimika na kizingiti kikaumia.

Kwa nini basi sekunde mbili zilisalimika? Nilielewa jibu vizuri zaidi kwa kuliona kuliko kwa kulisoma. Kutoka roshani ya nyumba ninayopanga Kasarani, huonekana usiku taa nyekundu juu ya mnara wa simu, mbali sana. Nililenga lenzi ileile kwenye taa hiyo na kupiga kwa muda tofautitofauti. Kwa 1/8 ya sekunde taa haikuwa nukta. Ilikuwa mstari mfupi wa wima uliopindapinda kama mnyoo, ukimalizikia kwenye kidoa chenye mwanga zaidi. Kwa sekunde nne kidoa kilikuwa cha mviringo safi, na ule mnyoo ulibaki kama uzi hafifu ambao nisingeuona kama nisingejua pa kuutafuta. Mtikisiko ulikuwa uleule mara zote. Kilichobadilika ni sehemu ya muda ambayo taa ilitumia katika mtikisiko na sehemu iliyotumia katika utulivu. Tuseme kamera hutetema kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde: picha ya 1/15 yote imepigwa ndani ya tetemeko, lakini katika picha ya sekunde mbili tetemeko ni sehemu moja kati ya ishirini, na zile kumi na tisa zilizobaki hulifunika. Upande wa pili, kwa 1/500 au 1/1000, shata hufunguka na kufungwa kabla kamera haijapata nafasi ya kwenda umbali wa maana. Eneo baya liko katikati, kati ya 1/4 na 1/60 hivi, na kilele chake kwa kamera nyingi za aina hii ni karibu na 1/8 na 1/15. Lenzi ndefu au tripodi dhaifu huupanua mpaka huo pande zote mbili.

Wapo watakaoona kwamba ninakuza jambo dogo, na kwa kipimo cha rula wana haki. Sensa ya kamera yangu ina megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 za kupokea mwanga, na kila nukta hiyo, au pikseli, ina upana wa kama sehemu 4 kati ya elfu moja za milimita. Nyuma ya lenzi ya milimita 200, pikseli moja inafunika kama sentimita 3 za ukuta ulio umbali wa kilomita moja na nusu. Ili picha ihame kwa pikseli hiyo moja, ncha ya lenzi yenye urefu wa sentimita 15 inahitaji kuinuka kwa sehemu 3 tu kati ya elfu moja za milimita, ilhali unywele wa mtu una unene wa mara ishirini na zaidi ya hapo. Ikihama pikseli tano, sentimita 15 za ukuta zimesuguliwa pamoja, na katika chapa ya mita moja na nusu ukingo wa kizingiti unatapakaa kwa zaidi ya milimita moja, kitu ambacho mgeni anayengoja mapokezi atakiona hata bila kuwa na jicho la mpiga picha. Katika simu, picha ileile ingepita bila swali.

Jambo hili si geni. Nikon F ya mwaka 1959 tayari ilikuwa na njia ya kukiinua kioo na kukifunga juu, na Canon Pellix ya 1965 ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka kioo kisichosogea kabisa, chembamba kinachopitisha sehemu kubwa ya mwanga kwenye filamu na kurusha sehemu nyingine kwenye jicho, gharama yake ikiwa mwanga uliopotea. Pentax 6x7 ya 1969, yenye kioo kikubwa cha kutosheleza filamu pana, ilipata sifa mbili kwa pamoja: picha nzuri na kishindo. Waliokuwa wakitumia Leica za kuchungulia pembeni, zisizo na kioo kabisa, hujigamba hadi leo kwamba wanapiga 1/15 kwa mkono. Kuna majivuno humo, lakini kuna ukweli pia. Canon ilipotoa EOS 5DS mwaka 2015, yenye megapikseli zaidi ya 50, iliacha kukirusha kioo kwa springi na kukiendesha kwa mota ili kipunguze mwendo kinapokaribia juu. Kwa hiyo wenye viwanda walijua muda wote. Sisi wanunuzi ndio tulioambiwa habari za megapikseli pekee.

Nikiwa na wazo la kukiinua kioo kabla ya kupiga, nilibandika ukurasa wa Taifa Leo kwenye ukuta wa sebule, mita sita kutoka kwenye tripodi, nikazima kidhibiti mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, nikapiga kila kasi kutoka 1/250 hadi sekunde mbili mara tano kwa kawaida na mara tano kioo kikiwa kimetangulizwa juu. Gazeti ni kipimo kizuri kwa sababu herufi zake zina mistari ya kila upande. Katika herufi E ndogo ndogo za matangazo, vijiti vitatu vya kulala ndivyo vinavyokufa kwanza huku mgongo wake wa wima ukibaki. Kwa 1/15 bila kutanguliza kioo, vile vijiti vitatu vilikuwa doa moja katika picha nne kati ya tano. Kioo kilipotangulizwa, vilirudi vyote. Hapo ndipo nilipomtumia muuzaji wa lenzi ujumbe wa kumwomba radhi, naye akajibu kwa picha ya kidole gumba, na tukawa sawa.

Njia ya kutanguliza kioo imefichwa ndani ya menyu ya kamera nyingi, na kila kampuni imeipa jina lake. Katika baadhi, bonyezo la kwanza huinua kioo na la pili hupiga picha. Katika nyingine ukichagua kipima muda cha sekunde mbili, kioo huinuka mara moja na shata husubiri. Sekunde mbili zinatosha kwa lenzi fupi. Kwa milimita 200 juu ya tripodi yangu nyepesi nimezoea kuhesabu hadi tano, na upepo ukivuma ninahesabu hadi upungue. Kamera nyingi za kioo pia huinua kioo mapema ukitazama kupitia skrini ya nyuma, ila zipo zinazokishusha na kukipandisha tena kabla ya kupiga, kwa hiyo usiamini, sikiliza mlio.

Kioo kikishaondolewa katika hesabu, pazia la shata linabaki, nalo lina uzito wake. Wengi waliohamia kamera zisizo na kioo walidhani wameukimbia ugonjwa, wakashangaa kuukuta mbele. Katika kamera hizo shata hukaa wazi ili sensa ionyeshe picha kwenye skrini. Ukibonyeza, pazia hujifunga kwanza, halafu hufunguka kuanza picha, na mwili mwepesi wa kamera hupata msukumo sekunde hiyohiyo. Madhara yake huonekana zaidi kwa kasi za juu kuliko za kioo, kuanzia 1/60 na kupanda hadi 1/100 na kitu. Sony A7R ya 2013, yenye megapikseli 36, ilisemwa sana kwa jambo hili kwa kuwa haikuwa na pazia la kwanza la kielektroniki, ilhali pacha wake A7 alikuwa nalo. Pazia hilo la kielektroniki ndilo dawa ninayoipendekeza kwa mtu yeyote mwenye kamera iliyo nalo: sensa yenyewe huanza kupokea mwanga bila kitu chochote kusogea, na pazia halisi huja kufunga tu. Lina kasoro ndogo, kwamba kwa kasi kubwa sana na tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, miduara ya mwanga nyuma ya sura ya mtu huonekana kana kwamba imekatwa upande mmoja. Shata ya kielektroniki tupu, isiyo na pazia lolote, haitetemi hata kidogo, lakini katika kamera nyingi husoma sensa mstari baada ya mstari. Matatu inayopita mbele yako hulala upande kama inayopigwa na dhoruba, na chini ya taa za ofisi zinazomulika mara 100 kwa sekunde, kama umeme wetu wa hezi 50 unavyozifanya, hutokea michirizi ya giza na mwanga.

Kuhusu tripodi nitasema machache. Nguzo ya katikati ikiinuliwa hadi mwisho, unakuwa umeiweka kamera juu ya mlingoti wa bendera. Lenzi yenye pete yake ya kufungia ifungwe kwa pete hiyo, wala si kwa tako la kamera, maana vinginevyo uzito wote wa mbele hunesanesa. Madereva wa watalii katika mbuga yetu ya Nairobi wana njia bora kuliko tripodi nyingi: mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe, uliowekwa kwenye ukingo wa dirisha au wa paa la gari, injini ikiwa imezimwa. Maharagwe husuguana na kuumeza mtikisiko, wakati bomba la alumini huupitisha na kuurudisha. Tangu nimejua hivyo ninabeba mfuko wa ndengu kilo mbili, ninaulaza juu ya lenzi pale inapoungana na kamera, na ninakula mzigo wangu safari ikiwa ndefu. Kupiga kwa mkono ni somo jingine, kwa kuwa mikono hutikisika kuliko kioo, na ukifika 1/500 huna haja ya haya yote. Hata juu ya tripodi unaweza kukimbia eneo baya kwa kupandisha ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga: kutoka 1/15 hadi 1/250 ni hatua nne za mara mbili mbili, yaani kutoka ISO 100 hadi 1600, na kamera za miaka ya karibuni hulimudu hilo bila chenga nyingi. Kwa chapa ya mita moja na nusu, hata hivyo, nilitaka ISO 100.

Kinachoifanya Nairobi kuwa mtego ni machweo yenyewe. Tuko karibu kabisa na Ikweta, jua huzama likielekea chini moja kwa moja, na kati ya kuta za machungwa na giza kuna kama dakika ishirini tu. Ukiwa na ISO 100 na tundu la f/8, mwanga unaoshuka hivyo unakupitisha katika 1/60, 1/30, 1/15, 1/8 na 1/4 kwa mfululizo, hasa katika zile dakika ambazo anga ina rangi uliyopandia juu. Ukitoka katika eneo baya, jua limeshakwenda. Ndiyo sababu picha zangu za taa zilikuwa kali na za machungwa zote zilikuwa mbovu. Saa ilikuwa imenipangia hivyo.

Mteja alipenda zile za samawati lakini alishikilia kwamba anataka jua. Nilirudi juu ya paa Alhamisi iliyofuata, safari hii na mfuko wa ndengu na kioo cha kutanguliza. Askari wa zamu, aliyekuwa amekaa nami mara ya kwanza na kuzoea mlio mmoja kwa kila picha, alisikiliza kwa muda: klak nzito, kimya cha sekunde tano, kisha tik ndogo ambayo upepo karibu uimeze.

"Ndugu yangu," akauliza, "leo mbona inalia mara mbili?"

Nikamwambia kwamba ya kwanza ni kioo, na ya pili ndiyo picha. Alifikiri kidogo, akauliza kama mara ile nyingine zote mbili zilikuwa zinalia pamoja. Nikamwambia ndiyo, na kwamba ndiyo maana nimerudi.